Kwa Onzima, Kabla ya Jumanne

Ngazi ni kumi na nne. Nazijua,
kwani siku ya kwanza nilizipanda, nikaona mlango,
nikashuka,
nikanunua muhogo wa kuchoma nisioutaka.
Ukishuka, usijicheke. Panda tena.

Ofisi iko juu ya duka la mabati, barabara ya Adumi.
Chini wanakata mabati mchana kutwa,
mlio wa kukupasua meno. Baadaye hutausikia.

Hakuna kitanda, hakuna sindano,
wala mtu wa kukushika kichwa akemee pepo.
Kuna viti viwili, vyote sawa. Nilivikagua;
wanijua, miaka ishirini na sita ya magereza,
siketi chumbani kabla ya kuona dirisha.
Dirisha halina nondo. Linatazama soko.

Utapewa fomu: jina, umri, kijiji,
nani apigiwe simu ukizidiwa.
Hapo nilikaa sana na kalamu hewani.
Mwishowe niliandika jina lako.
Samahani, sikukuambia.

Anaitwa Amongin, Mteso wa Kumi, rika la binti yangu.
Kilugbara hakijui, Kiteso sikijui,
Kiingereza changu ni cha kusoma hati za wafungwa.
Basi tukakutana kwenye Kiswahili, kile chetu cha kambini,
cha chuchumaa, hesabu, vua, geukia ukuta.
Onzima, sikujua lugha ile ina chumba kingine kwa nyuma.
Aliniuliza, "Unalala?"
Nikatafuta jibu mdomoni, nikakuta amri tupu.

Atakwambia: ya humu hayatoki humu,
ila ukitaka kujiua, au kuua mwingine,
hapo ataita mtu, na wewe utajua kwanza.
Nilipenda alivyolisema mapema.
Sisi tulikuwa tunasema baadaye.

Aliuliza jina langu lina maana gani.
Candia, nikasema, ni taabu;
mama alinizaa akiwa amezika wawili.
Hakunipa pole. Akauliza kama kuna mtu
aliyewahi kuniita vingine.
Chini bati lilikatwa mara tatu, sijajibu.

Kuhusu kimya, nikuonye. Hakijazi.
Kule kwetu wadi ikinyamaza
ujue kuna anayechimba ukuta.
Hapa pia kuna anayechimba,
ila hakuna wa kupuliza filimbi.

Dakika hamsini. Saa ya ukutani iko nyuma yako,
aione yeye, wewe usiihesabu.
Elfu thelathini; mstaafu hulipa nusu.
Uliza. Mimi niliona haya, nikalipa zote mara mbili.

Hatakupa ushauri, na utakasirika.
Nilimwambia, "Basi nalipa nini?"
Akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Na usingoje machozi.
Wiki ya kwanza hayakuja, ya pili, ya tatu.
Ya nne akaniuliza nilivaa viatu gani siku ile,
ile tuijuayo mimi na wewe.
Swali la kipuuzi. Nikaanza kumweleza:
vyeusi, vya serikali, na dawa ya kopo,
na jinsi nilivyovisugua usiku ule hadi alfajiri,
nasugua tu, vimeshang'aa, nasugua,
ndipo sauti ikakatika.

Hutatoka umepona. Utatoka una njaa.
Ndoto huenda zikazidi kwanza; zangu zilizidi,
nikampigia simu kumwambia nimeacha.
Akasema ni haki yangu,
mlango ule haufungwi kwa nje.
Nilicheka, Onzima. Sisi, tuliobeba funguo
hadi zikatoboa mifuko ya suruali.
Jumanne iliyofuata nilikwenda.

Yako ni saa nne asubuhi.
Nitakuwa pale chini, kwenye duka la mabati,
najifanya nauliza bei ya misumari.
Usinitafute kwa macho.
Ila ukishuka upesi, kama nilivyoshuka mimi,
nipo, na muhogo ni wa watu wawili.